Walimng'oa Haile Selassie, Wakaikuza Serikali Yake

Dar es Salaam ina Barabara ya Haile Selassie. Nairobi nayo ina Haile Selassie Avenue, na Zanzibar kuna shule ya sekondari yenye jina hilohilo. Kizazi kilichopigania uhuru kilimheshimu sana mzee yule, mfalme wa Ethiopia. Ndiye aliyesimama Geneva mwaka 1936 kuishtaki Italia mbele ya mataifa, na ndiye aliyewakaribisha wakuu wa nchi za Afrika Addis Ababa Mei 1963 walipounda OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Sisi tulimjua kwa sura hiyo. Sura aliyoijua mkulima wa Arsi au Sidamo, ambaye kila msimu alimtolea mwenye ardhi theluthi au hata nusu ya mavuno yake, haikutufikia.

Labda ndiyo sababu mapinduzi ya 1974 yaliyomng'oa bado yanasimuliwa kwa namna mbili tu. Wapo wanaoyaona kuwa ni kazi ya wanajeshi waliobomoa ufalme wa karne na karne. Wapo wanaoyaona kuwa ni ukombozi ulioharibiwa baadaye na mtu mmoja, Mengistu Haile Mariam, mwanajeshi aliyekuja kuitawala nchi. Nionavyo mimi, pande zote mbili zinakodolea macho kiti na mtu aliyekikalia. Ukifuatilia ardhi, kodi na uteuzi wa maaskofu, unakuta kazi moja inayoanzia kwa mfalme na kuishia kwa wanajeshi: serikali ya Addis Ababa kummeza kila aliyekuwa na nguvu zake mwenyewe. Mfalme aliianza. Waliompindua wakaimaliza, kwa kasi na ukatili ambao yeye hakuufikia.

Ethiopia aliyotawazwa kuwa Mfalme wa Wafalme wake Novemba 2, 1930 haikuwa nchi ya mtu mmoja. Gojjam ilikuwa na Ras Hailu wake, Jimma ilikuwa na sultani wake Mwislamu, Tigray ilikuwa na ukoo wake wa kifalme. Kila mkubwa alikuwa na askari wake na watoza kodi wake. Kufikia 1932 Ras Hailu alikuwa kifungoni na Jimma imeshawekwa chini ya utawala wa moja kwa moja. Katiba ya 1931 ilileta bunge, lakini faida yake kubwa ilikuwa kuwaleta wakubwa wa mikoani mjini, karibu na jicho la mfalme. Waitalia walipofukuzwa 1941, magavana wakageuzwa kuwa watumishi wa mshahara, kodi ikaelekezwa Wizara ya Fedha, na askari wa makabaila wakalipisha nafasi jeshi la taifa. Katiba ya 1955 ikaja kutamka waziwazi kwamba nafsi ya mfalme ni takatifu na mamlaka yake hayapingwi.

Kwa hiyo makabaila walinyang'anywa majeshi yao, wakaachiwa ardhi na vyeo. Walibaki na uwezo wa kumkamua mkulima bila uwezo wa kumtetea mfalme. Bunduki zikawa mikononi mwa maafisa waliopita vyuo vya kijeshi vya Holeta na Harar, vijana ambao wengi wao hawakuwa na ukoo wa kujivunia wala shamba la kurithi.

Je, mfalme angeweza kujiokoa? Nadhani angeweza, na mlango ulikuwa mmoja: kumpunguzia mzigo mkulima asiye na ardhi. Wizara ya Marekebisho ya Ardhi iliundwa 1966. Muswada wa kuweka kikomo cha anachodaiwa mpangaji ukaandikwa, ukafika bungeni, ukazungushwa mwaka baada ya mwaka na haukupita. Nani angeupitisha? Mgombea ubunge alitakiwa kuwa na mali isiyohamishika, na wajumbe wa baraza la juu waliteuliwa na mfalme mwenyewe. Wanafunzi wa chuo kikuu cha Addis Ababa walishalisoma jambo hilo mapema. Tangu 1965 walikuwa barabarani wakidai ardhi apewe anayeilima.

Kisha ikaja njaa ya Wollo na Tigray ya 1972 na 1973, iliyoua makumi ya maelfu ya watu huku serikali ikifanya kila iwezalo isisikike. Bei ya mafuta ikapanda. Januari 1974, huko Negele kusini mwa nchi, askari waligoma kwa sababu ya chakula kibovu na maji: pampu yao ilikuwa imeharibika na wakubwa wao wakawakatalia kuteka kwenye kisima cha maafisa. Jenerali aliyetumwa na mfalme kuwatuliza wakamshika, wakamlisha chakula chao na kumnywesha maji yao. Mwezi uliofuata walimu wakagoma, na madereva wa teksi wa Addis Ababa wakaegesha magari. Februari 28 baraza la mawaziri la Aklilu Habte-Wold likajiuzulu.

Kamati ya wanajeshi, ambayo dunia iliijua kwa jina la Derg, iliundwa Juni 28. Wajumbe wake walikuwa watu zaidi ya mia moja kutoka vikosi mbalimbali, na hakuna aliyezidi cheo cha meja. Kwa miezi miwili na nusu waliwakamata mawaziri, majenerali na watu wa ukoo wa kifalme, mmoja baada ya mwingine, huku wakitangaza utii kwa mfalme. Amri zilitoka kwa jina lake. Jina lile lilikuwa bado na nguvu kuliko watu wote waliolizunguka, na wanajeshi walijua kulitumia hadi likaisha kazi.

Usiku wa Septemba 11, sikukuu ya mwaka mpya wa Kiethiopia, televisheni ilionyesha filamu ya Waingereza kuhusu njaa ya Wollo, ikiwa imechanganywa na picha za karamu za kasri na mbwa wa mfalme wakilishwa nyama. Asubuhi yake maafisa wachache wakaingia kasrini, mmoja akamsomea mfalme tamko la kumvua madaraka, na mzee wa miaka 82 akapakiwa kwenye Volkswagen ndogo akapelekwa kambini. Hakuna kabaila aliyejitokeza siku hiyo na jeshi. Ufalme wenyewe haukufutwa papo hapo, kwani tamko lilimtaja mwanawe Asfa Wossen, aliyekuwa mgonjwa Ulaya, awe mfalme asiye na madaraka. Iliwachukua wanajeshi hadi Machi 1975 kuufuta. Kabla ya hapo, Novemba 23, 1974, walikuwa wameshawapiga risasi usiku mmoja watu wapatao 60, wakiwemo mawaziri wakuu wawili wa zamani, Aklilu na Endalkachew Makonnen. Hawakufikishwa mahakamani. Mwenyekiti wao wenyewe, Jenerali Aman Andom, aliuawa siku hiyo hiyo nyumbani kwake akipinga kukamatwa.

Lakini tarehe iliyoigeuza Ethiopia, kwa maoni yangu, ni Machi 4, 1975.

Kusini mwa Ethiopia kulitekwa na majeshi ya Menelik II mwishoni mwa karne ya 19. Askari na maafisa wake walilipwa kwa kugawiwa ardhi pamoja na watu walioikalia. Wenyeji wakawa wapangaji katika ardhi ya babu zao: mavuno sehemu kwa sehemu, siku za kulima shamba la bwana, zawadi za lazima kila sikukuu, na juu ya yote kufukuzwa wakati wowote. Msomaji wa Bukoba anayekumbuka nyarubanja ataelewa upesi, ila hapa ongeza kwamba mara nyingi bwana alikuwa na lugha nyingine na dini nyingine.

Tamko la Machi 4 lilisema ardhi yote ya vijijini ni mali ya umma, na mwenye ardhi hatalipwa fidia ya ardhi hiyo. Familia hairuhusiwi kulima zaidi ya hekta 10. Ni marufuku kuuza ardhi, kuikodisha, kuiweka rehani, au kuajiri kibarua wa kuilima. Kodi na madeni ya mpangaji kwa bwana wake yamefutwa. Umati mkubwa ulimiminika katika mitaa ya Addis Ababa kuunga mkono. Wanafunzi na walimu wapatao 60,000, wengi wao watoto wa mjini ambao hawakuwahi kulala kijijini, walikuwa wameanza kupelekwa mashambani kueneza mapinduzi na kuunda vyama vya wakulima, kila kimoja kikishika eneo la hekta 800 au zaidi. Katika miaka michache vyama hivyo vilizidi 20,000.

Kusini, tabaka zima lilitoweka. Mabwana walikimbilia mjini, wengine walipigana wakashindwa, na aliyetaka kubaki alipewa kipande cha kulima sawa na mtu aliyekuwa mpangaji wake jana. Sijui mapinduzi mengi barani Afrika yaliyofuta ukabaila kwa ukamilifu kiasi hicho. Wanaosema Derg haikufanya lolote jema hawana budi kulijibu hili, na sijasikia jibu linaloridhisha.

Kaskazini hadithi ilikuwa nyingine kabisa. Gojjam, Gondar na Tigray, mkulima wa kawaida alikuwa na haki ya ukoo: akithibitisha kwamba anatokana na babu fulani, ana fungu katika ardhi ya babu huyo. Mashamba yalikuwa madogo na kesi hazikuisha, lakini mtu alijiona mwenye ardhi. Gojjam ilishapigana na serikali 1968 kwa sababu ya kodi mpya ya mapato ya kilimo, ikihofia kwamba kupimiwa shamba ni hatua ya kwanza ya kunyang'anywa. Watu kama hao ukiwaambia ardhi sasa ni ya umma, wanasikia kwamba wamenyang'anywa. Tigray, gavana wake Ras Mengesha Seyoum aliingia msituni mapema, ingawa uasi uliokuja kuiangusha Derg haukuwa wa kabaila bali wa vijana waliotoka vyuoni.

Na mkulima wa kusini aliyekombolewa? Miaka michache baadaye shirika la serikali la kununua mazao likaanza kumdai mgao wa nafaka kwa bei iliyopangwa Addis Ababa, chini ya bei ya soko. Kabaila alikuwa na shamba kubwa na macho mawili. Mwenyekiti wa chama cha wakulima alikuwa jirani yako, aliyejua una watoto wangapi, una ng'ombe wangapi na gunia la mtama umelificha wapi. Kupitia chama hichohicho ilikuja amri ya kulima shamba la ushirika, kisha katika miaka ya 1980 vijana wakachukuliwa vitani Eritrea na Tigray, na kuanzia 1985 vijiji vikavunjwa watu wakakusanywa kwenye makazi mapya. Mfalme hakuwahi kuwa na chombo cha kumfikia kila mkulima mlangoni. Mapinduzi yalikitengeneza, tena kwa mikono ya wakulima wenyewe waliodhani wanajenga chama chao.

Mjini ilikuwa vilevile. Tamko la Julai 26, 1975 lilitaifisha ardhi ya mijini na kila nyumba ya ziada: familia moja, nyumba moja. Kodi za nyumba zilishushwa, na zile zisizozidi birr 100 kwa mwezi zikawa zinalipwa kebele, yaani serikali ya mtaa. Kwa karani na mfanyakazi wa ndani huo ulikuwa unafuu ambao hakuna bunge la mfalme lingempa. Kebele hiyohiyo, 1977, ikapewa bunduki na jela. Katika kile walichokiita Ugaidi Mwekundu, vijana waliowahi kuandamana kudai ardhi ya wakulima waliwindwa mtaa kwa mtaa, nao walikuwa na bunduki zao na walikuwa wamewaua viongozi wa kebele pia. Idadi ya waliokufa inabishaniwa hadi leo, lakini ni maelfu mengi.

Sasa tuje kwenye kanisa, sehemu ninayoona inaelezwa vibaya kuliko zote.

Kanisa la Orthodox la Tewahedo lilikuwa nguzo ya kiti cha enzi kwa maana halisi. Lilimpaka mfalme mafuta. Katiba ya 1955 ililifanya kanisa la dola na kuagiza kwamba jina la mfalme litajwe katika kila ibada. Lilimiliki ardhi nyingi vijijini na nyumba nyingi za kupangisha mjini. Ndiyo maana wengi wanadhani mapinduzi yalikuta kanisa huru yakalitia kamba. Kamba ilishakuwepo. Kwa karne nyingi askofu mkuu wa Ethiopia alikuwa Mmisri aliyeletwa kutoka Alexandria. Haile Selassie alishughulikia suala hilo kwa miaka hadi mwaka 1959 Ethiopia ikapata patriaki wake wa kwanza mzalendo, Abuna Basilios. Hilo lilikuwa jambo la fahari ya taifa, lakini pia lilimweka kiongozi wa kanisa katika mji mmoja na mfalme, akimtegemea mfalme, bila Alexandria ya kumkimbilia.

Derg walikirithi chombo hicho kikiwa tayari. Kanisa na dola vilitenganishwa kwa maneno, mashamba na nyumba za kupangisha zikachukuliwa kwa matamko yaleyale mawili, na kanisa likaanza kuishi kwa ruzuku ya waliolinyang'anya. Patriaki wa pili, Abuna Tewophilos, aliwaweka wakfu maaskofu watatu mwaka 1976 bila kuomba ruhusa ya serikali. Akavuliwa uongozi mwezi Februari, akafungwa, na 1979 akauawa kwa siri. Tazama kosa lenyewe. Hakuhubiri dhidi ya ujamaa wala hakudai mfalme arudishwe. Aliteua maaskofu wake mwenyewe. Serikali iliyojiita haina dini iliona uteuzi wa maaskofu kuwa ni mali yake, kama alivyoona mfalme.

Badala yake akapatikana mtawa aliyekuwa akihudumu Wolayta, mtu wa miguu mitupu na mfungo mkali, akawa Abuna Takla Haymanot. Inaelekea walidhani mtu asiyejua siasa atakuwa rahisi. Alexandria haikumtambua, kwa kuwa mtangulizi wake alikuwa bado hai. Yeye hakubadili maisha yake ya kitawa, na kadiri miaka ilivyopita aligeuka mwiba kwa watawala hadi alipofariki 1988.

Wakati huohuo makanisa yalijaa. Tewophilos alikuwa ameanzisha mabaraza ya parokia miaka michache kabla ya mapinduzi, waumini wakichangia na kusimamia kanisa lao. Ardhi ilipoondoka, mabaraza hayo ndiyo yaliyolibeba kanisa. Padri aliyekuwa akingoja mazao ya wapangaji sasa alingoja sadaka ya jirani, na yeye mwenyewe alipewa kipande chake na chama cha wakulima kama mtu mwingine. Nathubutu kusema Derg ililipunguzia kanisa utajiri na kulizidishia wafuasi wa dhati.

Kwa Waislamu na Waprotestanti hesabu ilikuwa tofauti. Aprili 1974, kabla mfalme hajaanguka, Waislamu waliandamana kwa wingi Addis Ababa wakidai usawa, jambo ambalo lisingefikirika miaka michache nyuma. Wanajeshi wakazifanya Idi kuwa sikukuu za taifa. Hatua hiyo haikurudi nyuma tena. Kanisa la Mekane Yesus, lenye nguvu magharibi kwa Waoromo, lilipigwa vibaya: katibu wake mkuu, Gudina Tumsa, alitekwa na kuuawa Julai 1979, na makanisa mengi yakafungwa. Hata hivyo, likipoteza ulinzi wa dola, Kanisa la Orthodox lilipoteza pia uwezo wa kuwazuia wengine. Katika sensa ya 1994 Waprotestanti walikuwa karibu asilimia 10 ya Waethiopia. Katika ile ya 2007 walikaribia asilimia 19, na Waorthodox wakashuka chini ya nusu.

Tabaka jipya lililoshika nafasi ya makabaila halikuwa na ardhi wala mataji. Lilikuwa na kadi ya chama, gari la serikali na ruhusa ya kununua katika maduka ambayo mwananchi hakuyaingia. Binti wa mfalme, Tenagnework, alikaa gerezani miaka 14, na nje ya kuta zile sherehe hazikukoma. Septemba 1984 Mengistu aliadhimisha miaka 10 ya mapinduzi na kuzindua Chama cha Wafanyakazi kwa gharama kubwa, huku njaa kubwa kuliko ile ya 1973 ikiua watu Wollo na Tigray, na huku habari zake zikizimwa ili zisiharibu sherehe. Ni vigumu kuamini kwamba watu waliopata madaraka kwa kuonyesha filamu ya njaa usiku mmoja walikuwa wamesahau.

Mengistu alikimbia Mei 21, 1991, akapitia Nairobi hadi Harare. Waliomng'oa walifuta karibu kila kitu chake: mgao wa nafaka, mashamba ya ushirika, chama, sanamu ya Lenin. Mabaki ya mfalme, yaliyokuwa yamefukiwa ndani ya eneo la kasri, yalifukuliwa 1992 na kuzikwa katika Kanisa Kuu la Utatu Mtakatifu Novemba 2000, bila heshima za mazishi ya kitaifa. Kitu kimoja hawakukigusa. Ibara ya 40 ya katiba ya 1995 inasema ardhi ni mali ya dola na ya mataifa, makabila na watu wa Ethiopia, haiuzwi. Kebele nazo zikabaki.

Hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Mkulima akiruhusiwa kuuza, mwaka wa kwanza wa ukame atauza, na ukabaila utarudi kwa njia ya soko. Lakini upande wa pili wa ibara hiyo ulionekana kuanzia 2014, Addis Ababa ilipopanga kupanua mipango yake hadi katika mashamba ya Oromia yanayouzunguka mji. Mkulima aliyelima pale maisha yake yote angelipwa fidia ya mazao na nyumba. Ardhi yenyewe haikuwa yake kuikatalia. Maandamano yalienea, mamia wakauawa, mpango ukaondolewa Januari 2016, na miaka miwili baadaye Waziri Mkuu Hailemariam Desalegn akajiuzulu. Waandamanaji wengi walikuwa wajukuu wa wapangaji waliofutiwa madeni Machi 1975, na safari hii aliyekuwa akiidai ardhi yao alikuwa serikali, kwa hati iliyoandikwa na mapinduzi yaleyale.